Moshi wa Alhamisi

Chetezo cha marehemu bibi yangu kilinifikia mwezi uliopita kutoka Mbale, kimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu na kutiwa ndani ya boksi la biskuti. Nilikiweka mezani, nikakiinamia na kuvuta pumzi kwa nguvu, maana nilikuwa nimejiandaa kulia. Hakikuwa na harufu. Chetezo kilichofukiza ubani na udi maisha yake yote kilikuwa kimesuguliwa mpaka udongo wake ukapauka, na kilichonijia puani ilikuwa sabuni ya mche, ile ya buluu. Sikulia. Nilikasirika. Hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko watoto wangu, na leo nataka kuitoa, kwa sababu ninyi ambao tulikua pamoja mnajua kompyuta ilikuwa nini katika nyumba za watu kama sisi.

Tulikaa Bugembe, kandokando ya barabara kuu iendayo Iganga. Sisi ni Wanubi. Mababu zetu walikuja na jeshi kutoka upande wa Sudani, na hata baada ya kuzaliana hapa vizazi na vizazi, bado kulikuwa na majirani waliotuuliza kwetu ni wapi. Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno, kwa hiyo aliyenilea ni mama yake baba, ambaye nilimwita Habuba kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Habuba aliwasha makaa, akatia ubani na vijiti vya udi, akauzungusha moshi kila pembe ya nyumba huku midomo yake ikicheza kwa dua. Akimaliza aliketi kwenye kigoda na kutandaza nguo zake juu ya chetezo, moja moja, mpaka zinywe moshi. Kwa hiyo juma zima Habuba alinukia Alhamisi. Nikiwa na homa nililala na leso yake usoni na nikaamini nimeshapona nusu.

Chetezo hicho kilikuwa na historia, na aliyependa kuisimulia ni baba. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, watu wa mjini waligeuka na kuanza kuwawinda Wanubi nyumba kwa nyumba, wakidai sisi sote ni wanajeshi wake, ingawa wengi wetu hawakuwahi kushika hata fimbo. Habuba alimfunga baba mgongoni, akatia chetezo na Kurani ndani ya furushi, akaingia katika mashamba ya miwa. Walitembea mpaka Mbale, mchana wamelala kwenye miwa na mahindi. Huko walifichwa na familia moja ya Kiislamu, chini ya ule mlima wa Wanale, mpaka hali ikatulia. Baba alipofika mahali pa kufungwa mgongoni, sauti yake ilitetemeka kila mara, na wageni walitikisa vichwa. Habuba mwenyewe alisema tu, "Mbale mimi siwezi kulala tena. Ule mlima uliniona nikilia."

Vita viliisha, vingine vikaja na kwenda upande wa kaskazini, watu wakaanza kujenga upya walichobakiwa nacho. Baba akapata kompyuta. Haikuwa mpya. Ilikuwa imeshafanya kazi katika ofisi moja mjini Jinja, na pembeni ilikuwa na alama ya kikombe cha chai isiyotoka hata kwa kucha. Aliiweka katika chumba cha mbele, akaandika ukutani kwamba hapa panachapwa barua. Wakaja watu ambao vyeti vyao viliungua vitani, walimu, makarani wa misikiti, na wanajeshi kutoka chuo cha jeshi cha Kimaka wenye makaratasi yao marefu ya masomo. Wote walimwita baba Afande, na yeye hakuwahi kuvaa hata kofia ya jeshi. Aliitikia. Nadhani jina lilimpendeza.

Nilikuwa darasa la nne kompyuta ilipoanza vituko. Ungekuta baba yuko katikati ya barua, kioo kizima kinageuka bluu, kinajaa maandishi meupe, na barua imekwenda na maji. Siku nyingine ilijizima na kujiwasha. Siku nyingine ilikataa kuwaka, ikalia mlio mrefu na mingine mifupi, kisha baada ya saa moja ikaamka kana kwamba haikufanya kosa. Baba kwanza aliulaumu umeme, na hakuna aliyembishia, kwa sababu Jinja imekaa juu ya bwawa la umeme na bado tulikula chakula kwa mshumaa. Halafu akazilaumu diski za vijana wa sekondari waliokuja kuchapisha, eti zina virusi. Mwisho akamwita fundi Waiswa.

Waiswa alikuwa Msoga mrefu, mcheshi, mwenye ulimi uliobadilishana r na l bila kuomba ruhusa. Alikuja asubuhi, kwa sababu mchana alikuwa na kazi mjini, na kompyuta ilikuwa na adabu tele mbele yake. Alitia diski ya kupima, tukakaa tukitazama namba zikipanda mpaka karibu saa sita. Hakuna kosa hata moja. "Afande," akasema, "hii mashini inaniogopa mimi." Lakini hakuondoka. Alifungua ubavu wake, akachomoa vibao viwili vyembamba vyenye meno ya dhahabu upande mmoja, akaniwekea kimoja kiganjani.

"Hii ndiyo memoli," akaniambia. "Kila kitu baba yako anaandika, kwanza inakaa hapa. Hapa ikiteleza, kazi imeenda."

Kisha akanifundisha jambo ambalo sijalisahau, na ndilo lililoniponza. Kosa linalokuja na kwenda halikamatwi kwa macho, alisema, linakamatwa kwa subira. "Unatoa kitu moja. Unangoja. Kama mashini inakosea bado, kile umetoa hakina makosa, unaludisha mahali yake. Kama inanyamaza, umeshika mwizi." Akamwambia baba kwamba anahitaji mtu wa kuandika kila kosa, siku na saa. Baba akanipa mimi daftari. Nilipiga mistari kwa rula nikaandika juu: siku, saa, kazi, kilichotokea. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile.

Waiswa alitoa kibao cha kwanza, ikakosea, akakirudisha. Akatoa cha pili, akakitia cha kwanza mahali pake, ikakosea, akavirudisha vyote. Nilipendezwa sana na huo urudishaji. Kitu kisicho na hatia kinarudi mahali pake. Kwa akili yangu ya miaka tisa hiyo ilikuwa sheria ya dunia nzima.

Halafu ikaja Alhamisi ya mwanajeshi wa Kimaka. Alikuwa ameketi kando ya baba, akimsomea karatasi yake ya masomo ukurasa wa thelathini na kitu, na Habuba alikuwa amefika na chetezo chake kwenye pembe ya chumba cha mbele. Moshi ulipanda. Kioo kikageuka bluu. Kazi ya siku tatu ikapotea, maana baba alikuwa ameihifadhi vibaya. Mwanajeshi alisimama. Alimtazama baba, akamtazama Habuba na shela yake, akavuta hewa puani.

"Kumbe hapa ni kwa Wanubi," akasema. Hakusema kwa matusi. Alichukua makaratasi yake, akaondoka, na baba alibaki ameshika kiti.

Kesho yake asubuhi Waiswa alichomoa tena vile vibao na safari hii akavipeleka mlangoni kwenye mwanga. Juu ya meno ya dhahabu kulikuwa na utando mwembamba wa rangi ya kahawa, unaonata kidogo. Akanusa. Akacheka. "Afande, memoli yako imefukizwa. Hata mimi naweza kuswali nayo. Wewe mtoto, lete laba yako ya shule." Alisugua yale meno kwa raba yangu mpaka yakang'aa, akavirudisha, na siku tatu zikapita bila kosa. Baba alikuwa na jibu lake.

Chetezo kikahamishiwa chumbani kwa Habuba, nyuma ya pazia. Kompyuta ikakosea. Kikapelekwa uani. Ikakosea. Kwa sheria ya Waiswa, moshi ulikuwa umeshathibitika hauna makosa na ulipaswa kurudi mahali pake. Nilimwambia baba hivyo, na ushahidi nilikuwa nao kwenye daftari. Hakunisikia. Waiswa, akikaza parafujo, alitia mzaha ambao najua aliujutia baadaye: "Labda moshi iko kwa nguo ya mama mzee. Akipita tu hapa, mashini inapiga chafya." Mimi nilicheka. Naomba mlijue hilo, kwamba nilicheka. Baba hakucheka.

Jioni ile, kabla ya magharibi, alimkuta Habuba uani akipembua mchele. Nilikuwa nimekaa karibu naye natoa mawe.

"Mama, nataka ukae kwa Zaituni kidogo," akasema. Zaituni ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa Mbale.

Habuba aliendelea kupembua. "Zaituni ni mgonjwa?"

"Hapana. Ni hii mashine. Fundi anasema lazima tujaribu nyumba bila... bila moshi kabisa. Nguo zako, mama, ziko na moshi ndani. Wiki mbili tu. Ni kujaribu."

"Mimi ndiyo naharibu mashine yako?"

"Hatujui bado. Ndiyo maana tunajaribu."

Habuba aliutazama mchele. Nilingoja amkumbushe Mbale, amkumbushe mlima, amkumbushe mgongo uliombeba. "Kama ni kujaribu, tutajaribu," akasema, akainuka kwenda kukunja nguo zake. Chetezo alikitia katikati ya furushi, kama alivyofanya zamani. Asubuhi tulimsindikiza mpaka barabarani. Akiwa ameshapanda basi alinitolea mkono dirishani na kuniambia, "Andika vizuri, binti yangu. Usikose hata moja." Alikuwa ameliamini daftari langu.

Sikuwa na wasiwasi. Wiki mbili, kompyuta itakosea, Habuba ataonekana hana hatia, atarudishwa. Nilikaa nikiitazama ile mashine kila nitokapo shule, nikiiomba ikosee. Niliapa kwamba nitafunga Jumatatu na Alhamisi kama Mungu ataipiga hata mara moja. Lakini mvua zilikuwa zimeanza. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, mabati yalikuwa baridi na barabara nzima ya Bugembe ikawa tope, na mashine ilichapa kwa utulivu kama karani wa serikali. Siku kumi na nne niliandika "hakuna". Siku ya kumi na tano baba aliondoa pazia la chumba cha Habuba, akatoa kitanda, akaingiza meza.

"Si umeona mwenyewe?" akaniambia. "Daftari ni lako."

Wiki iliyofuata jua likarudi. Jumanne, saa tisa mchana, chumba cha mbele kimechemka kwa sababu mabati yake yalipigwa na jua la magharibi, kioo kikageuka bluu. Niliruka. Sijawahi kufurahi vile kwa kitu kuharibika. Niliandika siku, saa, kazi, kilichotokea, nikapigia mstari mara mbili, nikamkimbilia baba na daftari.

"Baba, imekosea! Habuba hayupo na imekosea! Si yeye!"

Baba alisoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ule mstari ulivyohitaji. Kisha akaikunja ile karatasi kwa upole kwenye uzi wa daftari, akaichana, akaitia mfukoni.

"Hiyo usiandike," akasema.

Nilifikiri nimekosea mistari. Nikamuuliza kama niiandike upya kwa unadhifu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga, na mpaka leo nikikumbuka swali lile uso wangu unawaka. Akasema, "Usiandike kabisa. Daftari limekwisha kazi." Akaingia jikoni kunywa maji.

Waiswa aliupata ugonjwa baada ya siku chache, alipobahatika kuja mchana. Aliigusa mashine ikiwa imepata moto, akafungua ubavu, akaubonyeza kidogo kwa kidole ule mtaro ambamo kibao kimoja kinakaa. Ikafa. Akaiwasha, akabonyeza. Ikafa tena. Akaniita nione. Chini ya mtaro kulikuwa na ufa mdogo mwembamba kama unywele. "Ikipata joto, inaachia," akasema. "Asubuhi imekaza, mchana inaachia. Ndiyo maana mimi nilikuwa sioni." Akahamishia kibao kwenye mtaro mwingine uliokuwa wazi, na mashine ile haikukosea tena mpaka tulipoiuza. Kisha akajipiga paji la uso. "Bambi! Kumbe jaja, bibi wa watu, tulimsingizia bure. Afande, tuma neno arudi."

Mimi nilikuwa nimeshashika ufagio. Nilikuwa nafagia pale penye kitanda chake, chini ya meza ile mpya.

"Mama amezoea Mbale," baba akasema. "Umri wake unataka hewa ya mlima."

Waiswa alinitazama, akatazama meza, akakusanya bisibisi zake. Hakukaa kunywa chai. Baada ya hapo akawa anapita barabarani anapunga mkono tu.

Mtu mzima ndani yangu anajua mambo ambayo mtoto hakuyajua. Ninajua wateja wa Kimaka walianza kurudi. Ninajua moshi wa Habuba ulimwambia kila aliyeingia sisi ni nani, na baba alishawahi kukimbizwa kwa sababu ya kuwa hivyo, akiwa mtoto, mgongoni. Alitaka nyumba isiyonuka kitu chochote. Ninaelewa. Lakini nimechoka kuambiwa na ndugu zangu kwamba kuelewa ni kusamehe. Alimtoa mama yake kama kibao cha memori, akaona hana makosa, na mahali pake akapaweka meza. Baba alinisaliti mimi pia, maana alichukua kazi ya kwanza ya uaminifu niliyopewa duniani akaifanya ya uongo, kwa mkono wangu mwenyewe.

Likizo ya mwisho wa mwaka alinipeleka Mbale. Njiani alinunua ndizi za kuchoma, akanipa ile nene, akasema, "Bibi yako akiuliza mashine, sema imepona. Basi. Usimtie mawazo." Aliniacha mlangoni kwa shangazi na kurudi siku hiyohiyo, eti ana kazi.

Habuba alikuwa amekonda. Alikuwa amekaa uani kwa shangazi na kuupa mlima mgongo. Aliponikumbatia nilizamisha uso wangu kifuani kwake kama nilivyozoea, na sikumkuta. Alinukia sabuni tupu.

"Umesikia?" akasema, akininyooshea mkono wa gauni puani. "Nusa. Nusa na hapa. Nimefua nguo zote mara tatu, na shela. Chetezo nimekisugua. Hata kwa Zaituni sifukizi, nisije nikaharibu redio yao. Mwambie baba yako hakuna moshi tena."

Nikanusa. Nikasema ndiyo, hakuna.

"Na mashine? Imepona?"

Maneno ya kweli yalikuwa yamenijaa mdomoni. Ufa wa unywele, joto, saa tisa mchana, karatasi iliyochanwa. Niliyajua yote kwa mpangilio, siku, saa, kazi, kilichotokea. Lakini baba alikuwa ameshaniambia niseme nini, na nilikuwa na miaka tisa, na ndiye niliyekuwa narudi kuishi naye.

"Imepona, Habuba."

"Tangu nilipoondoka?"

Niliitikia kwa kichwa.

Aliushusha ule mkono wa gauni na kuulainisha juu ya goti. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi kweli nilikuwa mimi." Akanishika kidevu. "Mwambie baba yako anisamehe. Sikujua."

Ujumbe ule niliufikisha kama ulivyo, neno kwa neno, shule zilipokaribia kufunguliwa. Baba alikuwa anachapa, mashine ikiwa imeshahamishiwa kwenye meza iliyokaa mahali pa kitanda cha Habuba. Nilisimama mlangoni nikasema, Habuba anasema umsamehe, hakujua. Nilimtazama usoni nione kitakachotokea.

Vidole vyake vilisimama juu ya herufi.

"Mwambie nimemsamehe," akasema, kisha akaendelea kuchapa.